Historia Iliyoishia kwenye Geti la Hospitali

Mlima Lukenya hauko Kajiado. Ramani inauweka Machakos, ng'ambo ya barabara ya Mombasa, lakini sisi wa Kitengela, upande wa Kajiado, tunauona upande wa pili wa viwanda vya saruji vya Athi River, na vijana wetu huenda huko kwa bodaboda siku za Jumapili. Ni jabali kongwe lenye nyufa za kuingiza vidole na kingo za kukanyagia, na wapanda milima wa Nairobi wamelitumia kujinoa tangu enzi za ukoloni kabla ya kwenda Mlima Kenya. Chama chao, Mountain Club of Kenya, kilichukua jina hilo mwaka 1949. Mizizi yake iko kwenye chama cha Afrika Mashariki nzima kilichoundwa mwaka 1938. Ni watu wa kuandika. Njia za kukwea Lukenya zimepewa majina na madaraja ya ugumu, na waliozipanda kwanza wamewekwa kwenye kumbukumbu pamoja na mwaka wao. Mume wangu alikuwa na kitabu cha njia hizo, kimechakaa pembe kwa kusokomezwa kwenye begi la kamba.

Mimi ni mwalimu wa historia shule ya upili, na nilikipenda kitabu hicho kuliko nilivyoupenda mchezo wenyewe. Mume wangu alipoanguka huko Lukenya na kuvunjika uti wa mgongo, nilikirudia nikiwa na swali jingine. Walioanguka wameandikwa wapi? Na waliowauguza? Nilisoma nilichoweza kupata, nikauliza wazee, nikachimba magazeti ya zamani. Habari za kupanda ni tele, na za kuokoa zipo, tena zinasisimua. Za kuuguza ni chache mno. Historia ya milima yetu humfuata majeruhi mpaka geti la hospitali, kisha inarudi mlimani. Mimi nilibaki upande wa ndani wa geti, na nimeanza kuiandika kutokea huko.

Kabla ya kamba na kofia ngumu, Kajiado ilikuwa na watu walioanguka. Mchungaji alifuata mbuzi kwenye miamba ya Ol Doinyo Orok, mlima ulio juu ya Namanga. Mwingine alipanda mti kutafuta asali, na moran akatupwa na nyati. Wazungu walioandika habari za Wamaasai mwanzoni mwa karne ya 20 walistaajabia ujuzi wao wa kuunga mifupa na kushona majeraha kwa miiba na kano. Majeruhi alichinjiwa kondoo, akanyweshwa mafuta yake yaliyoyeyushwa na supu yenye mizizi na magome, olkiloriti ikiwa mojawapo. Vijana wa rika lake walichunga ng'ombe wake mpaka apone.

Hayo yote yamo vitabuni. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa upande wa Namanga, ndiye aliyeniambia yasiyomo. Tulikuwa jikoni kwangu, mimi nikichemsha vifaa vya kumuuguzia mume wangu, yeye akipepeta maharagwe, akanisimulia habari za jirani yao wa zamani aliyeanguka mlimani akavunjika paja. Alifungwa vijiti, akalazwa kwenye kitanda cha fito na ngozi ndani ya nyumba. Sasa, nyumba ya Kimaasai ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anayeijenga kwa fito, nyasi na samadi, na mlango wake huingia kwa kona nyembamba ili upepo na wanyama wasipate njia ya moja kwa moja. Mtu aliyelala juu ya ngozi hapiti kwenye kona hiyo. Kwa hiyo mke wa yule majeruhi aliubomoa ukuta wa mbele, akaujenga upya mlango ukiwa umenyooka, na kwa miezi mingi mumewe akawa anatolewa asubuhi kuota jua na kurudishwa jioni. Watu walimcheka kwamba nyumba yake ina mdomo wazi. Aliwaacha wacheke.

Nilimuuliza mama mkwe kuhusu waliovunjika mgongo, siyo mguu. Hakuzunguka. "Hao, mwanangu, hatukuwa nao kwa muda mrefu."

Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo. Askari wengi waliopooza katika Vita Kuu ya Kwanza walikufa ndani ya muda mfupi, na kilichowaua hasa kilikuja baadaye: vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Mabadiliko yalianza Februari 1944, pale daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa mpya zilisaidia, penisilini ikiwemo, lakini nguzo ya kazi yake ilikuwa jambo ambalo mtu yeyote mwenye mikono anaweza kulifanya. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ngozi yake ikaguliwe, kibofu chake kihudumiwe kwa usafi, kisha apewe kazi na mchezo. Tarehe 29 Julai 1948 aliwapanga wagonjwa wake washindane kwa mishale, na kutokana na hayo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Heidelberg.

Hapa kwetu, hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, iliyoko mtaa wa Hurlingham, Nairobi, chimbuko lake ni miaka ileile ya Vita Kuu ya Pili na askari walioumia katika vita hivyo. Kwa miaka mingi imekuwa na vitanda visivyofika hata arobaini kwa nchi nzima. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo, APDK, ambacho hadi leo hutengeneza viti vya magurudumu. Taasisi kama hizi ni chache na idadi ya majeruhi ni kubwa. Hesabu hiyo ina jawabu moja tu: saa mbili za Guttmann zilihamia majumbani, zikaangukia mikono ya wake, waume, mama na dada.

Wapanda milima wa Kenya wakiulizwa habari za ajali, wataanza na Septemba 1970. Madaktari wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika Batian, kilele cha Mlima Kenya, na kuanza kushuka. Jiwe likang'oka. Judmaier akaporomoka, mfupa wa mguu wake ukavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Oelz alimfunga jeraha, akamwachia nguo na chakula kidogo walichokuwa nacho kwenye ukingo wa mwamba, kisha akashuka peke yake kutafuta msaada na kurudi. Wanachama wa Mountain Club walitoka Nairobi wakiwa watu wa kujitolea, wasio na mazoezi ya kumteremsha majeruhi kutoka kimo cha zaidi ya mita 5,000. Walimsogeza kidogo kidogo siku baada ya siku, katika theluji na hewa haba. Helikopta iliyoleta msaada ilianguka, na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafa. Hatimaye waokoaji kutoka Innsbruck, waliotafutwa kwa juhudi za baba yake Judmaier, wakafika kwa ndege na kumshusha. Ilikuwa yapata siku ya tisa. Aliishi, mguu hakuupoteza, na akaendelea na udaktari.

Kisa hicho kiliibadilisha Kenya. Hifadhi ya Mlima Kenya iliunda kikosi cha uokoaji chenye makao Naro Moru, na askari wa hifadhi wenyeji wakafunzwa kazi ambayo awali ilionekana ni ya wageni. Huku Kajiado nako, shule ya Outward Bound pale Loitokitok, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1950 chini ya Kilimanjaro, imewafunza vijana wengi kutembea mlimani na kutomwacha mwenzao nyuma. Upande wa Tanzania wa mlima huo, wapagazi na askari huwateremsha wagonjwa kwa machela ya gurudumu moja, wanaume kadhaa wakiishikilia pande zote na kukimbia nayo kwenye vijia vya mawe. Uokoaji una historia, una mashujaa na una vifaa vyake.

Lakini nikisoma habari za Judmaier, baba yake namwona, kwa sababu alitafuta pesa na ndege. Aliyekaa kando ya kitanda Innsbruck katika miezi iliyofuata simwoni. Arthur Firmin, mpiga picha wa Nairobi ambaye mwaka 1944, akiwa na mwenzake Hicks, alifungua njia ya upande wa kaskazini wa Batian inayopandwa hadi leo, aliumia Himalaya mwaka 1955 na hakurudi nyumbani. Jina lake limebaki Mlima Kenya. Waliopokea habari hizo mlangoni Nairobi hawana jina popote.

Mume wangu aliteremshwa Lukenya kwa machela ya kamba na mifuko ya kulalia, na marafiki zake walijua kazi yao. Walimshika kichwa na kiuno kwa pamoja kila walipohama, kama walivyofundishwa, na daktari wa kwanza aliyemwona alisema utaratibu huo ulimwokolea mengi. Wodini ndipo nilipoelewa mji ninaoishi. Nilidhani mwanamume aliyeanguka jabalini angekuwa kioja. Kumbe kulikuwa na fundi wa paa kutoka Noonkopir, kibarua wa mjengo aliyekanyaga ubao uliooza kwenye jukwaa la miti, kijana aliyetumwa kuosha tangi la maji juu ya ghorofa, na dereva wa bodaboda. Wote migongo. Mke wa yule fundi aliniuliza mume wangu alikuwa akijenga nini huko juu. Nikamwambia hakuwa akijenga, alikuwa akipanda tu. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi angalau alikuwa anafurahi."

Kitengela ni mji wa watu walio juu ya vitu. Mnamo miaka ya 1980 hapa palikuwa ardhi ya pamoja ya Wamaasai wa Kaputiei, na nyumbu walipita kutoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za kusini. Ardhi ya pamoja ikagawanywa, mashamba yakakatwa ploti, eneo la viwanda vya kuuza nje likafunguliwa Athi River mwaka 1990, wafanyakazi wakahitaji vyumba, na ghorofa zikaota. Mume wangu ni mpima ardhi. Baadhi ya ploti hizo alizikata yeye, kwa darubini ya miguu mitatu na vigingi vya chuma. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi anayeumia kazini, lakini kibarua anayeajiriwa asubuhi na kulipwa jioni hujikuta akiulizwa karatasi ambazo hakuwahi kupewa.

Pesa za upasuaji zilipatikana kwa njia ya zamani. Harambee ilikuwa mtindo wa taifa tangu uhuru. Kwa Wamaasai wa Kajiado ilikuja ikakuta desturi ya kuchangiana mifugo. Watu wa rika la mume wangu walileta mbuzi, na mmoja akaleta dume, wakauzwa soko la Ilbisil. Wenzangu wa shule na wapanda milima wakatuma kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na iliyohamisha daftari la mchango kutoka mkononi mwa mweka hazina hadi kwenye simu ya kila mtu. Vyuma vikalipiwa, kitanda kikalipiwa. Kisha kikundi cha simu kikanyamaza, kwa haki, maana watu wana mizigo yao. Nilikuja kuona kwamba harambee ina umbo lilelile la historia zetu. Ina nguvu mpaka upasuaji uishe. Sijawahi kuona kadi ya mchango iliyoandikwa "mwaka wa tatu".

Yanayofuata ni haya. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tatu. Tukahama kwenda nyumba ya chini, na mwenye nyumba akakubali fundi apanue mlango wa bafu mradi tulipe sisi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitaka majengo ya umma yafikike, lakini ngazi za Kitengela hazikuisoma. Usiku niliweka kengele ya simu. Nilimlaza upande wa kushoto, mto kati ya magoti, mto mgongoni, visigino vikining'inia visiguse godoro. Kengele ikilia namgeuza kulia, nawasha tochi, naangalia uti wa chini, nyonga na visigino, natafuta wekundu usiofifia nikiubonyeza kwa kidole. Wekundu wa namna hiyo ukiachwa hadi asubuhi, jeraha limeanza. Kisha nalala na kuamka tena, na saa mbili asubuhi niko darasani nikifundisha Mkutano wa Berlin.

Alikuwa na hasira mwanzoni, na hasira yake haikuwa na mtu wa kumwangukia ila mimi. Hakutaka wenzake wa Lukenya waje. Alikuwa akisema nimekuwa nesi, nesi mzuri, lakini yeye hakuoa nesi. Ilikuwa kweli, na ilituumiza sote. Kilichotusaidia hakikuwa hotuba. Fiziotherapia ilimpa nguvu ya mikono, akaanza kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa ubao laini. Mimi nikaacha kuingia bafuni. Ofisi ya upimaji ikaanza kumletea ramani za kuchora kwenye kompyuta. Usiku mmoja nilipokuwa namgeuza kwa usingizi na pupa, akasema, "Mwalimu, taratibu. Unanigeuza kama chapati, na upande huu haujaiva." Tulicheka mpaka watoto wakaamka.

Barabara ya kwenda Namanga inayopita mbele ya mji wetu ina ukurasa wake katika historia hii. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alianza kwa kiti cha magurudumu safari ya kutoka Nairobi kwenda Afrika Kusini, umbali wa kilomita kama 4,000. Chama cha watu waliopooza kilikuwa kinatafuta shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha urekebishaji, na wito kwa Wakenya ulikuwa kwamba wachange ili Zack arudishwe nyumbani kabla hajafika mbali. Watu walituma pesa kwa simu, nchi nzima ikajua kwamba aliyevunjika mgongo hutafuta matibabu Afrika Kusini kwa sababu hapa pa kwenda akishatoka upasuaji ni pachache mno. Mimi wakati huo nilitazama habari zake kwenye televisheni kama mtu mwingine yeyote. Sasa nimesukuma kiti kwenye ukingo wa barabara hiyohiyo, changarawe ikikwama kwenye magurudumu ya mbele na malori ya saruji yakipita karibu na kiwiko, na najua alichoamua kufanya.

Ukiipanga historia hii kwa tarehe, nguzo zake ni 1944, 1958, 1970, 2003, 2012. Ni tarehe nzuri na ninazifundisha. Lakini kilichozifanya ziwe na maana kati ya tarehe moja na nyingine ni kazi isiyo na mwaka: mwanamke wa Namanga aliyebomoa ukuta wake, mke wa fundi wa Noonkopir, mamia wengine walioshika saa zao mbili gizani. Siwataji kwa kuwahurumia. Wao ndio waliokuwa na ujuzi, na ujuzi usioandikwa lazima kila mtu auvumbue upya, kwa gharama ya ngozi ya mtu. Mwaka juzi niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya likizo: kila mmoja amhoji mtu aliyewahi kumuuguza mlemavu nyumbani, aandike alichofanya, siyo alivyojisikia. Zilirudi karatasi zenye godoro la maganda ya mahindi lililotobolewa katikati, kamba iliyofungwa kwenye boriti ili mgonjwa ajivute mwenyewe, glavu ya mpira iliyojazwa maji na kuwekwa chini ya kisigino. Mhudumu mmoja wa fiziotherapia alizisoma akaniomba nakala.

Sisi wenye wagonjwa wa mgongo Kitengela hukutana Jumamosi moja kila mwezi katika darasa ambalo shule imetukubalia. Wanaume wamo, wawili wakiuguza wake zao. Kumeshakuwa na utaratibu, na naamini baada ya miaka utaitwa desturi. Mgeni akija hatumuulizi mgonjwa wake aliangukaje. Hilo kila mtu ameshamuuliza. Tunamuuliza usiku anapokezana na nani. Akijibu kwamba yuko peke yake, kikao hakiendelei na ajenda nyingine mpaka jina la pili lipatikane, awe shemeji, jirani au mtu wa kanisani, na jina hilo linaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe.